TASAF, Marekani na swali la Kinampanda: mtoto wa nani asaidiwe?

Tulipofungua simu kuwauliza wasikilizaji wanasemaje kuhusu ruzuku ya kaya maskini, tulitegemea malalamiko tuliyoyazoea: fedha zimechelewa, jina limekosewa, laini ya simu imefungiwa. Simu ya kwanza ikatoka Kinampanda, wilayani Iramba. Alikuwa bibi anayelea wajukuu watatu. Hakupandisha sauti. Alisema kaya yake imeambiwa kwamba imehitimu, kisha akatuuliza: "Nimehitimu nini, wanangu, na mimi sikusoma?"

Studio tulicheka, na yeye akacheka. Lakini kabla hatujamjibu, ujumbe ukaingia kutoka kata hiyohiyo, tukausoma hewani kama ulivyo: "Mwambieni bibi ashukuru alichopata. Sisi tunalima alizeti juani mwaka mzima na hatujawahi kupewa hata mia. Kwa nini wa kwake walipwe na wangu wasilipwe?"

Muda wa kipindi ukaisha hapo. Tumeamua kuandika tulichokosa nafasi ya kusema, kwa sababu watu hawa wawili, ambao huenda wanateka maji kisima kimoja, wameshika ncha mbili za mjadala mkubwa kuliko Iramba. Mjadala huo umeangusha miswada Marekani na umewagawa wachumi. Unahusu nani asaidiwe kulea watoto, kwa masharti gani, na mpaka lini.

Ruzuku hii ilitoka wapi

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Miaka yake ya mwanzo wengi tunaikumbuka kwa majengo: madarasa, zahanati, visima, na kibao cha mradi kilichochomekwa mbele yake. Fedha mkononi mwa familia zilikuja baadaye. Mwaka 2010 yalifanyika majaribio katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, ambapo vijiji 40 vilipewa ruzuku na vingine 40 vikaachwa ili vilinganishwe. Agosti 2012, Rais Jakaya Kikwete alizindua awamu ya tatu ya TASAF mjini Dodoma, na ndani yake ukawamo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Katika miaka michache mpango ulizifikia kaya zipatazo milioni 1.1. Februari 2020, Rais John Magufuli alizindua kipindi chake cha pili, kilicholenga kufika katika vijiji na mitaa yote nchini.

Wazo lenyewe halikuzaliwa hapa. Mexico ilianza mwaka 1997 kuwalipa akina mama kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Brazil ikafuata, na mwaka 2003 ikaunganisha programu zake kuwa moja, Bolsa Família. Jirani zetu Kenya walianza mwaka 2004 na familia zinazolea yatima. Kote huko msingi ni huohuo: umaskini wa mzazi usiwe urithi wa mtoto. Mpe mama fedha kidogo leo, lakini hakikisha mtoto yuko darasani, ili kesho asihitaji ruzuku.

Na tunaposema kidogo, tunamaanisha kidogo. Katika kipindi cha kwanza cha mpango, kaya ilipata shilingi 10,000 za msingi kwa mwezi. Mtoto wa shule ya msingi aliongeza shilingi 2,000, wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, na wa kidato cha tano na sita 6,000, huku kukiwa na ukomo wa idadi ya watoto wanaohesabiwa. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Viwango vimerekebishwa tangu hapo, lakini kwa anayetaka kujua ukubwa wa jambo lenyewe, shilingi 2,000 za mtoto wa darasa la tatu hazifiki bei ya kilo moja ya sukari. Mtu anayesema fedha hizi zinamfanya mama aache kulima atueleze kwanza huyo mama anakula nini siku ya nne.

Marekani nako wanabishana hivyohivyo

Tunaitaja Marekani si kwa sababu ni mfano wa kuiga. Tunaitaja kwa sababu imefanya kitu ambacho ni nadra kukiona: ilifungua bomba la fedha kwa watoto karibu wote, ikalifunga ndani ya miezi, na matokeo ya pande zote mbili yakapimwa.

Tuanze nyuma kidogo. Katika kampeni ya urais ya mwaka 1976, Ronald Reagan alikuwa akisimulia habari za mwanamke wa Chicago aliyekula fedha za ustawi kwa majina mengi ya uongo. Mwanamke huyo alikuwepo kweli, na alikuwa tapeli kweli. Tatizo ni kwamba mamilioni ya akina mama waliokuwa wakipokea fedha zilezile hawakuwa kama yeye, lakini ni sura yake iliyobaki vichwani mwa wapigakura. Miaka 20 baadaye, Agosti 1996, Rais Bill Clinton wa chama cha pili, cha Democratic, alisaini sheria iliyobadilisha mfumo mzima: mzazi asaidiwe kwa fedha za serikali kuu kwa muda usiozidi miaka mitano katika maisha yake, na ili asaidiwe, afanye kazi au atafute kazi.

Kila kijiji cha Iramba, tukikaa kwenye benchi la duka kwa nusu saa, tutasimuliwa habari za mama aliyechukua fedha ya TASAF asubuhi na jioni akaonekana kilabuni. Huenda ni kweli. Hatuna sababu ya kubisha kwamba yupo. Tunachouliza ni kwa nini yeye ana jina na hadithi, wakati mama aliyenunua daftari na chumvi hana hadithi yoyote. Daftari na chumvi havisimuliki.

Sasa twende 2021. Wakati wa janga la korona, Rais Joe Biden alisaini sheria iliyopandisha nafuu ya kodi kwa wenye watoto na kuigeuza kuwa malipo ya kila mwezi: dola 300 kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, na dola 250 kwa wenye miaka 6 hadi 17. Dola 300 kwa wakati ule zilikuwa kama shilingi 690,000. Wazazi wasio na kipato chochote nao walilipwa, jambo ambalo halikuwapo kabla. Malipo yalianza Julai na kukoma Desemba. Kwa kipimo cha Marekani kinachohesabu pia misaada ya serikali, umaskini wa watoto ulishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi asilimia 5.2 mwaka 2021. Haukuwahi kuwa chini namna hiyo tangu kipimo hicho kianze. Mwaka 2022, malipo yakiwa yamekoma, ulipanda hadi asilimia 12.4.

Hakuna aliyeshindwa kuona kilichotokea. Hata hivyo Bunge lao halikurudisha malipo. Kura iliyokosekana ilikuwa ya Seneta Joe Manchin wa West Virginia, jimbo la makaa ya mawe na lenye maskini wengi, ambaye alitaka anayelipwa awe mtu anayefanya kazi. Wasikilizaji wetu watatambua hoja hiyo bila kufasiriwa. Huku kwetu inasemwa kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Na bado wanabishana. Sheria iliyosainiwa na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 imepandisha nafuu ya kodi hadi dola 2,200 kwa mtoto kwa mwaka, lakini familia zenye kipato kidogo mno haziipati yote, kwa kuwa imefungwa kwenye mshahara. Sheria hiyohiyo inampa kila mtoto raia atakayezaliwa kuanzia 2025 hadi mwisho wa 2028 akiba ya dola 1,000 ya kuanzia maisha, maskini kwa tajiri. Kwenye msaada wa chakula, mzazi ambaye mtoto wake wa mwisho amefika miaka 14 sasa anatakiwa athibitishe anafanya kazi, wakati zamani alikuwa na msamaha mpaka mtoto atimize 18. Yaani katika sheria moja kuna fedha kwa wote bila swali, na kuna jembe la siku ya tatu.

Je, wanaolipwa huacha kazi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tutakaa nalo.

Majaribio ya Chamwino, Bagamoyo na Kibaha yalifanyiwa tathmini na matokeo yakachapishwa. Kaya zilizopata ruzuku hazikuonekana kuketi. Nyingi zilinunua mbuzi na kuku. Zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii. Watoto wao, hasa wasichana, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza darasa la saba. Chamwino si mbali na sisi. Ni ukame uleule, mtama uleule na mvua ya msimu mmoja kama yetu, kwa hiyo hatuoni sababu ya kudhani Mnyiramba atafanya tofauti na Mgogo akishika shilingi 20,000.

Utafiti mwingine uliofanywa baada ya mpango kuenea uliangalia watoto wanatumiaje siku yao, na huu ndio uliotugusa zaidi, kwa sababu haukuja na habari njema tupu. Mahudhurio ya shule yaliongezeka. Vibarua vya watoto kwenye mashamba ya watu vilipungua. Lakini kazi za watoto nyumbani hazikupungua kwa kiasi hicho. Kuchunga mifugo kuliongezeka. Ukifikiri kidogo unaona kwa nini. Kaya imepata ruzuku, imenunua mbuzi wanne. Mbuzi wanahitaji mtu. Mtu huyo ni mvulana wa miaka 11.

Kwa familia ya Kinampanda, hii ni hatua mbele au nyuma? Sisi tunasema ni mbele, kwa sababu mtoto anayechunga mbuzi wa mama yake jioni hayuko sawa na anayeuza nguvu zake kwenye shamba la mwingine asubuhi. Lakini mwalimu mmoja wa shule ya msingi tuliyemsomea maelezo haya hakukubaliana nasi. Yeye alisema anamjua mchungaji darasani kwa namna anavyosinzia saa nne. Tumeyaacha maneno yake yabaki.

Wamarekani nao wana matokeo yanayowanyima raha wanaotaka jibu rahisi. Kuna utafiti ulioanza mwaka 2018 ambao uliwagawa akina mama maskini 1,000 waliojifungua, kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa dola 333 kila mwezi, wengine dola 20. Watafiti walitarajia kuona tofauti katika lugha na ukuaji wa akili za watoto. Watoto walipofika miaka minne, tofauti hiyo haikuonekana. Wapinzani wa ruzuku walishangilia. Lakini akina mama wale hawakutumia fedha kwa ulevi. Watoto walinunuliwa vitabu na vitu vya kuchezea, na mama walikuwa na muda nao. Tunachosoma sisi hapo ni kwamba fedha hufanya kazi ya fedha: huleta chakula, sare na nauli. Haifundishi kusoma. Anayefundisha kusoma ni mwalimu, na inashangaza kwamba tunalazimika kusema hivyo kwa wasikilizaji wanaotoka kata yenye chuo cha ualimu.

Kuhusu uvivu, kuna jambo jingine ambalo wanaobishana hulisahau. Mpango wa TASAF wenyewe una jembe lake. Mwenye nguvu katika kaya ya mlengwa hupewa ajira za muda, kuchimba malambo, kulima barabara, kupanda miti, siku 15 kwa mwezi kwa miezi minne, katika kipindi cha kiangazi ambacho shambani hakuna kazi na ghalani kumebaki vumbi. Ujira wa siku katika kipindi cha kwanza ulikuwa shilingi 2,300. Anayeita hiyo fedha ya bure ajaribu kubeba karai la udongo siku moja. Na kuna swali ambalo hakuna mkutano wa kijiji tuliohudhuria uliowahi kuliuliza: mama akiwa lamboni, mtoto wa mgongoni anabaki na nani? Mara nyingi anabaki na dada yake wa darasa la tano, yule ambaye mpango unataka awe shuleni.

Sharti la asilimia 80

Mtoto wa kaya inayolipwa anatakiwa ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Wadogo wapelekwe kliniki kwa ratiba. Ikivunjwa, ruzuku inakatwa. Kwenye karatasi ni sharti zuri, na hatuna ugomvi nalo.

Tatizo ni kwamba sharti linambana mzazi tu. Halibani upande wa pili. Mama akishindwa kumpeleka mtoto kliniki, anakatwa. Zahanati ikikosa chanjo siku hiyo, hakuna anayekatwa. Mtoto akikosa shule kwa sababu mto umejaa Machi, daftari la mahudhurio linaandika utoro. Tuna mashaka na mtu anayepima nidhamu ya mzazi maskini kabla ya kupima umbali wa shule.

Halafu kuna chakula. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima iliondolewa kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Kabla ya hapo ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka na ya bweni 70,000. Juni 2022, katika hotuba ya bajeti, ada ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa. Aliyesoma hotuba hiyo alikuwa Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba, mbunge wa huku kwetu Iramba. Lakini uji wa saa nne na makande ya mchana haviko katika fedha hizo. Hivyo ni makubaliano ya wazazi na shule: debe la mahindi, kilo za maharage, fedha kidogo ya mpishi. Ambako wazazi wamekubaliana vizuri, watoto wanakula na mahudhurio yanapanda. Ambako mvua imekataa, mzazi asiye na debe anamwambia mtoto abaki nyumbani siku moja mbili kuepuka aibu. Zikifika siku tano kwa mwezi, asilimia 80 imeshapotea, na ruzuku ambayo ingenunua lile debe inakwenda nayo.

Nani aingie kwenye orodha

Turudi kwa mkulima wa alizeti na ujumbe wake, maana hatukumjibu.

Orodha ya walengwa hupatikana hivi. Mkutano wa hadhara wa kijiji huitwa, na wananchi wenyewe hutaja kaya wanazoziona maskini sana. Wadodosaji hupita nyumba hadi nyumba na maswali: paa ni la nini, ukuta ni wa nini, kuna watoto wangapi, kuna redio, kuna baiskeli. Majibu hupelekwa kwenye kompyuta, ambayo hutoa alama, na majina hurudishwa kijijini kuthibitishwa. Ni utaratibu uliofikiriwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Lakini una udhaifu ambao hakuna kompyuta inayoweza kuutibu: katika kijiji ambacho karibu wote ni maskini, tofauti kati ya kaya ya mwisho iliyoingia na ya kwanza iliyoachwa ni mabati kumi.

Mkulima wetu ana mabati. Msimu wa 2022/23 bei ya alizeti iliporomoka, na wakulima wa Singida walilalamika kwamba mafuta ya kula kutoka nje yamejaa sokoni baada ya ushuru wake kupunguzwa. Mabati hayakuezuliwa. Kwa dodoso la siku hiyo alikuwa mtu anayejiweza. Kwa mfuko wake alikuwa sawa na bibi, labda chini. Umaskini wa huku kwetu hauna anwani ya kudumu. Mwaka huu uko kwako, mwakani uko kwa jirani. Orodha inayoandikwa mara moja kwa miaka mingi inampiga picha mtu anayekimbia.

Ndiyo maana wapo wanaosema ruzuku ya watoto iwe ya wote, kama Marekani ilivyofanya kwa ile miezi sita. Haina dodoso, haina fitina, haina jina la mtu kusomwa mbele ya mkutano. Jibu la wanaopinga ni la hesabu: nchi yetu ina watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022, na karibu nusu yao ni watoto. Shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila mtoto ni matrilioni kwa mwaka. Fedha hiyo hatunayo, na sehemu kubwa ya fedha za mpango uliopo imekuwa mikopo na misaada ya wahisani.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haimalizi jambo. Tanzania tayari ina kitu kimoja kinachotolewa kwa watoto wote bila dodoso, nacho ni elimu bila ada. Mtoto wa mwalimu na wa mchimba lambo wanaingia mlango mmoja. Hatujawahi kupokea ujumbe hata mmoja unaoiita elimu hiyo fedha ya bure, wala hatujasikia mtu akilaumiwa kwa kuipokea. Kinachomfanya mpokeaji aonekane mvivu mara nyingi ni kwamba jirani yake hakupokea. Kwa hiyo kama fedha taslimu kwa wote ni ndoto, hatujui kwa nini mjadala usihamie kwenye kile kinachoweza kutolewa kwa wote mahali mtoto alipo: sahani ya makande shuleni, inayolipwa na Serikali. Haina haja ya orodha. Aliyefika amekula. Bibi na mkulima wangekuwa upande mmoja wa meza.

Kuhitimu

Linabaki swali la bibi.

Kuhitimu, katika lugha ya mpango, maana yake ni kwamba kaya ilipotathminiwa upya imeonekana kupanda juu ya kiwango cha umaskini kilichowekwa, hivyo inatoka ili nyingine isaidiwe. Si adhabu, na kwa kaya nyingi ni kweli na ni sifa. Tumezungumza na akina mama ambao walijiunga na vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wakaanza na kuku sita, na leo wanauza mayai mnadani. Hao wamehitimu.

Lakini bibi huyu alitueleza mali yake. Ana nyumba aliyoezeka kwa fedha ya ruzuku yenyewe, bati moja moja, kwa miaka minne. Ana mbuzi watano. Mjukuu mkubwa, msichana, yuko kidato cha nne. Alipotathminiwa, bati na mbuzi vilihesabiwa. Umri wake, miaka 71 kwa maelezo yake, unahesabika tofauti: kila mwaka unampunguzia ekari anazoweza kulima.

Kwa huyo msichana kuna jambo zaidi ya shilingi elfu kadhaa. Kuwa katika kaya ya TASAF ni miongoni mwa vigezo ambavyo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huvitumia kutambua muombaji mhitaji. Kaya ikitoka kwenye mpango, karatasi za kuthibitisha zilizopo zitunzwe. Tunawasihi wote waliohitimu wasizitupe. Na kuna miaka mitatu kabla hajafika huko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 bado inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, ingawa Mahakama Kuu Julai 2016 ilisema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Tangu Novemba 2021 msichana aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi shule, na huo ni mlango mkubwa uliofunguliwa. Lakini mlango wa kurudi haumsaidii bibi kulipa nauli ya kwenda.

Wamarekani wana tatizo hilohilo na hawajalimaliza: mama anaongezewa mshahara kidogo, anavuka mstari, anapoteza msaada wenye thamani kuliko nyongeza. Baadhi ya programu zao hupunguza msaada taratibu badala ya kuukata siku moja. Hatuoni kwa nini kaya yenye mtoto kidato cha tatu au cha nne isiachwe mpaka mtoto huyo amalize mtihani, hata kama mbuzi wamefika watano. Gharama yake kwa mpango ni ndogo, na mpango wenyewe ulianzishwa kwa ajili ya mtoto huyo.

Kwa sasa, kaya isiyoridhika inaweza kupeleka malalamiko kwa Kamati ya Usimamizi ya Jamii ya kijiji na kwa mtendaji wa kijiji, na jambo likishindikana lipelekwe ofisi ya mratibu wa TASAF katika halmashauri. Malalamiko yaandikwe, na mlalamikaji abaki na nakala. Bibi alituambia hajui kuandika. Mjukuu wake anajua. Tulimpigia tena Jumatatu, akatuambia barua imeshakwenda Kiomboi kwa mkono wa mtu wa bodaboda, na kwamba msichana aliiandika mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na makosa na yeye hakutaka watu wa halmashauri waseme shule haifundishi.